Kioo Kinapokudanganya Rangi

Mwaka jana nilitengeneza kadi za arusi ya mpwa wangu kwa kompyuta ya nyumbani. Kwenye kioo zilikuwa zambarau ya kupendeza. Zilipotoka kwa mpiga chapa, zote 200, zilikuwa na giza kama za matanga! Nilimfokea mtu wa watu bure. Kosa lilikuwa la kioo changu, nilichokiacha na ule mwangaza mkali wa dukani.

Ukienda kununua, ulizia kioo chenye paneli ya IPS. Ile ya TN hubadili rangi ukiinamisha kichwa tu. Ulizia pia kama kinatimiza kipimo cha sRGB, kilichopendekezwa mwaka 1996.

Nyumbani, kiweke mbali na jua la dirishani, ukiwashe nusu saa kipate moto. Punguza mwangaza mpaka weupe wake ulingane na karatasi iliyo kando yake. Joto la rangi liwe 6500. Kisha, kwenye Windows, tafuta dccw ufuate maagizo. Kifaa cha kupimia rangi hushinda macho, ila bei yake!

Kadi zile tulizichapisha upya, kwa pesa za keki.