Kirangozi Hakuwa Mtumwa

Mwezi uliopita nilijiunga na abiria walioteremka bandarini Unguja kutoka kwenye meli kubwa ya watalii. Walikuwa na saa tano za kuumaliza Mji Mkongwe: soko la Darajani, milango ya nakshi, Ngome Kongwe, kisha Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873.

Hapo mtembezaji wetu akalifunga bara zima kwa sentensi moja: watu waliletwa kutoka huko ndani, minyororo shingoni, pembe za ndovu begani. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza mimi natokea wapi. Nikamwambia Lusu, Nzega, mkoa wa Tabora, huko huko ndani. Akanishika mkono, akanipa pole.

Pole ya nini, jamani?

Sikatai minyororo. Watumwa walipita njia ile, wengi wakafia humo, na wapo watawala wa bara waliouza watu. Anayeficha hayo ni mwongo. Lakini sehemu kubwa ya pembe zilizotajirisha mji ule ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo ulifika kilo 30 na zaidi, na safari ya Tabora hadi Bagamoyo ilikula miezi miwili, mitatu. Walipatana malipo kabla ya kuinua mzigo, mara nyingi kwa vitambaa, merikani ikiwemo. Njiani walidai posho yao. Wakidhulumiwa, waligoma au waliweka mzigo chini wakaondoka zao. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, anayeijua njia. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Huyo ndiye mtu ninayepewa pole kwa ajili yake?

Mtaniambia saa tano hazitoshi kueleza yote. Nani kaomba yote? Naomba sentensi ya pili. Tatizo si saa. Tatizo ni kwamba huzuni inauzika haraka, na mfanyakazi anayebishana kuhusu mshahara wake haingii vizuri kwenye picha.

Tusiwasingizie watembezaji peke yao. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tunaonyesha wageni tembe la Livingstone. Mwaka 1872 mzee yule alikaa pale miezi kadhaa baada ya Stanley kuondoka. Alikuwa anasubiri nini? Wapagazi, ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Bila wao asingesogea hata hatua moja. Nyumba tumempa anayesubiri. Waliosubiriwa hawana hata jina mlangoni. Na mwaka 2006 nchi yetu ilipoiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO, iliitwa njia ya biashara ya watumwa na pembe. Watumwa wamo, pembe zimo. Mpagazi hayumo.

Mtalii ana haki ya kupita haraka, meli haimsubiri. Sisi hatuna haki ya kumpa nusu ya habari kisha tukapokea pole yake. Mkunazini iongezwe sentensi moja, Kwihara kibao kimoja: hapa walipita watu waliobeba kwa mkataba. Baada ya hapo, anayetaka kulia kwa ajili ya watumwa alie, na mimi nitalia naye.