Acheni chai yao, tazameni ada

Haya, leo sina habari za programu mpya. Nataka kugombana kidogo.

Kuna ushauri wa fedha unaotolewa kwa vijana ambao umenichosha. Unausikia redioni, unausikia kanisani, unausikia kwa mjomba aliyestaafu ualimu: vijana hawajui kubana matumizi. Wapunguze vocha, wanywe chai nyumbani, waache kununua viatu vya mtumba kila Jumamosi. Halafu anatokea msomi wa mjini na ile kanuni ya 50/30/20, nusu ya mapato kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matamanio, 20 kwa akiba. Kanuni hiyo ilienezwa na kitabu cha Elizabeth Warren na bintiye Amelia, kilichotoka Marekani mwaka 2005. Ni kanuni nzuri kwa mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi.

Sasa niambieni, mwisho wa mwezi wa nani? Kijana anayechuma miraa kule Maua hulipwa kwa alichochuma. Siku hakuna soko, hakuna hela. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipofunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, hakuna kanuni ya asilimia iliyomsaidia. Mwenye majani ya chai anayepeleka kiwanda cha Imenti, au Rukuriri kule Embu, hupata kidogo kila mwezi kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Mwenye kahawa huvuna, halafu anangoja miezi. Wa boda boda Runyenjes anahesabu kwa siku. Kwa hiyo shida yao kubwa haiko katika kiasi wanachotumia. Pesa zao huja kwa mafungu, na tumbo na karo haviji kwa mafungu. Lile pengo la katikati ndilo linalouzwa.

Na linauzwa ghali. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa 5,000 unalipa 375. Inaonekana ndogo, sivyo? Ukiurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 4,500 kwa ajili ya kushika 5,000 zilezile. Asilimia 90. Mjomba mwalimu angekopa benki kwa bei hiyo angeita polisi.

Ikaja Fuliza, Januari 2019. Kwa wasiojua Kiswahili vizuri (na ninyi mnaosoma hapa mnakijua), kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Jina halikudanganya. Kabla tarifa haijapunguzwa Oktoba 2022, deni la kati ya 501 na 1,000 lilitozwa asilimia 1 ya kuingilia, kisha shilingi 10 kila siku. Chukua 1,000, kaa nayo siku 14: shilingi 10 na 140, jumla 150. Sasa chukua Hustler Fund, iliyozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hiyohiyo 1,000, siku zilezile 14: shilingi 3 na senti kidogo. Najua, hizo ni pesa za mlipa kodi, viwango vya kuanzia ni vidogo, na wengi hawakurudisha. Sawa. Lakini 3 na 150! Hata tarifa ikipunguzwa nusu, bado hatuzungumzi juu ya bidhaa moja. Na kikombe cha chai anachokatazwa kijana hakijaingia kwenye hesabu hii hata kidogo.

Mtauliza, serikali ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Septemba 2016 sheria ya ukomo wa riba ilianza kutumika, na benki hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ile asilimia 7.5 haikuguswa, kwa sababu ilisemekana ni ada, si riba. Sheria yenyewe ikaondolewa Novemba 2019. Neno moja tu, ndugu zangu. Mtu alibadilisha jina la kigeugeu, programu ikaendelea kukimbia vilevile.

Hapa ndipo ninapokuja kwa wenzangu tunaoandika programu. Sisi ndio tunaochora hizo kurasa. Kijana yuko mbele ya kibanda, mama amekwisha funga githeri, foleni nyuma yake, salio halitoshi. Wakati huohuo simu inamwonyesha njia ya kukopa. Kidole kimoja, namba ya siri, imekwisha. Kesho mteja akimtumia nauli, deni linajilipa lenyewe kabla hajaamua lolote. Kukopa ni hatua mbili. Kuona kwamba mwaka huu umelipa shilingi ngapi kwa ada peke yake, jaribu uone unahitaji hatua ngapi. Harry Brignull wa Uingereza aliyapa jina maumbo ya namna hii mwaka 2010 na watu wetu husoma makala zake kwenye mafunzo, wanapiga makofi, halafu Jumatatu wanarudi kuongeza rangi kwenye kitufe cha kukopa.

Jumla ya ada za mwaka ni swali la mstari mmoja katika hifadhidata. Namba hiyo wanayo. Iwekwe juu, pale salio lilipo, kwa herufi zilezile kubwa. Sioni ugumu wa kiufundi hapo.

Kwa kijana mwenyewe sina mengi. Jitoe Fuliza ukiweza, kujitoa kunawezekana. Ingia Sacco hata kwa hisa za mia tano, kwa kuwa nyingi hukopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, ingawa itabidi utafute wadhamini na ungoje. Chama cha watu kumi mnaojuana pale Nkubu au Siakago kinaziba pengo la wiki mbili bila ada yoyote. Na kama una chai ya kununua, nunua.

Makala ya nakala rudufu niliyoahidi itatoka wiki ijayo, stima ikikubali.