Kodi Nafuu Isitupumbaze

Marupurupu ya nyumba ya mwalimu hukadiriwa kwa mahali pake pa kazi, wala si pale alalapo. Ndiyo maana wengi wafundishao Nairobi huvutwa na kodi nafuu za Kitengela, Rongai na, tangu upanuzi wa Barabara Kuu ya Thika ukamilike mwaka wa 2012, Ruiru na Juja. Siwalaumu.

Hata hivyo, rahisi huvunja upishi. Nauli za matatu hupanda asubuhi, jioni na mvua inyeshapo. Anayetumia saa mbili kwenda na mbili kurudi hupoteza saa 20 kwa siku tano za kazi. Ni saa za kusahihisha madaftari, kuandaa masomo na kulea wanawe.

Rai yangu ni hii: kabla ya kulipa amana, jumlisha kodi, nauli za mwezi mzima na bei ya maji ya kununua. Kisha safiri njia hiyo alfajiri ya Jumatatu, na uwaulize wenyeji kuhusu usalama wa usiku. Hesabu ikikubali, hamia. Ikikataa, chumba kidogo karibu na shule ni bora kuliko jumba la mbali, kwani mwalimu aliyechoka hawezi kuwaamsha wanafunzi waliosinzia.