Kwa intavyu ya bosi wa mainjinia, kizuri hakijiuzi

Kuna methali moja ambayo naamini imewanyima Wakenya kazi nono kuliko hata ukosefu wa digrii: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumelelewa nayo. Nyumbani ukijisifu unaambiwa unaringa. Shuleni ukisema "ni mimi nilifanya" wenzako wanakucheka. Kazini unasimama mbele ya mkutano na kusema "tulijitahidi, tulifaulu", na kila mtu anakuona mtu wa heshima zake.

Sasa peleka heshima hiyo kwenye intavyu ya kuongoza mainjinia katika kampuni kubwa ya teknolojia. Sizungumzii kazi ya kuandika programu. Nazungumzia ile ya juu: mkurugenzi wa uhandisi, mtu wa kusimamia timu tano pamoja na mameneja wao. Mhojaji anakuuliza, "Mfumo ulipoanguka, wewe ulifanya nini?" Unajibu, "Tulikaa kama timu, tukatatua." Anaandika kidogo. Anauliza tena kwa njia nyingine. Unajibu kwa "tulifanya" nyingine. Saa moja ikiisha, maelezo aliyoandika hayana kitu chako hata kimoja. Umetoka ukidhani mambo ni poa, kumbe ni kama hukuwa chumbani.

Msimamo wangu ni huu: anayejiandaa kwa kazi ya aina hii asipoteze wakati kukariri majibu. Akusanye ushahidi wa maamuzi yake mwenyewe, kisha ajifunze kuusema bila aibu na bila kutia chumvi.

Mbona jambo hili likuhusu? Kwa sababu kazi zenyewe ziko hapa kwetu. Microsoft ilifungua kituo chake cha kuunda programu Nairobi mwaka 2019. Google nayo ikatangaza mwaka 2022 kwamba kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika kitakuwa papa hapa Nairobi. Ongeza benki, kampuni za simu na kampuni changa za pesa za mtandaoni zilizojaa Westlands na Kilimani. Zote zinataka vijana wa kuandika programu, lakini pia zinataka mtu wa kukalia kile kiti cha mbele. Mwenye kiti ndiye anayeamua programu itengenezewe nani. Ndiye anayeamua kama simu ya bei ya chini yenye nafasi kidogo itafikiriwa au itasahaulika. Kiti hicho kikichukuliwa kila mara na mtu ambaye hajawahi kununua bando la shilingi ishirini, sisi tutabaki kuwa wateja wa kujaribiwa vitu.

Shida ni kwamba tunajiandaa kama watahiniwa wa KCSE. Tumezoea karatasi za miaka iliyopita: tafuta maswali, meza majibu, yatapike. Kwa injinia anayeanza, njia hiyo inasaidia kiasi. Tovuti kama LeetCode ina maelfu ya maswali ya kufanyia mazoezi, na ukikaa nayo miezi mitatu utaona tofauti. Lakini kwa kazi ya uongozi, swali halina jibu kwenye kitabu. "Ulimwambiaje rafiki yako kwamba hatapandishwa cheo?" Hiyo utaimeza kutoka wapi?

Google wenyewe waliwahi kuchunguza kama mameneja wana maana yoyote, katika mradi walioupa jina Project Oxygen. Orodha iliyojulikana hadharani mwaka 2011 ilikuwa na tabia nane za meneja mzuri: kuwa kocha, kuwapa watu nafasi bila kuwachungulia kila dakika, kusikiliza, kuwasaidia wakue, na kadhalika. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa kwenye orodha, ndiyo, lakini ulishika nafasi ya nane. Ya mwisho. Hiyo haimaanishi uende mikono mitupu, maana bosi asiyeelewa kazi ya watu wake watamjua ndani ya wiki moja. Inamaanisha kwamba ujuzi utakufikisha mlangoni, na walio ndani wanataka kujua mengine.

Amazon ni mfano ulio wazi zaidi kwa sababu hawafichi. Kanuni zao 16 za uongozi zimewekwa mtandaoni kila mtu azisome. Zilikuwa 14 hadi mwaka 2021 walipoongeza mbili. Wahojaji hugawana kanuni hizo, na maswali mengi huanza vivyo hivyo: tueleze wakati ambapo wewe... Mmoja wao hutoka idara nyingine kabisa. Yeye hana haraka ya kuona nafasi hiyo imejazwa. Kazi yake ni kuhakikisha kiwango hakishuki. Msee kama huyo huwezi kumwingiza boksi kwa maneno matamu.

Na dawa ya aibu si majigambo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hawa watu wamezoea kugonga madebe. Ukisema "niliongeza kasi ya mfumo mara kumi", maswali yanakuja mfululizo: Ulipima vipi? Awali ilikuwa ngapi? Nani alipinga? Ulimjibu nini? Ungerudia leo, ungebadilisha nini? Aliyefanya kazi mwenyewe hujibu akiwa ametulia. Aliyeazima hadithi ya mwenzake huanza kutoa jasho kwenye swali la tatu.

Dawa ni kutenganisha "mimi" na "sisi". Tuseme kuna dada anayeongoza mainjinia wanane katika kampuni ya mikopo, na programu yao ilikuwa inakwama kila mwisho wa mwezi. Akijibu kwa heshima zetu atasema, "Tuliboresha mfumo." Akijibu kwa majigambo atasema, "Niliokoa kampuni." Akileta ushahidi atasema hivi: "Niliomba wiki tatu bila kuongeza kitu chochote kipya. Mkuu wa mauzo alikataa. Nilimwonyesha idadi ya maombi ya mkopo tuliyopoteza mwezi uliotangulia, akakubali wiki mbili. Niliwapa mainjinia wawili kazi ya hifadhidata, wengine wakaendelea na kazi za kawaida. Suluhisho lenyewe alilipata mmoja wa hao wawili, si mimi. Kazi yangu ilikuwa kumpatia muda na kumkinga na kelele."

Angalia hapo, hajajisifu hata mara moja. Amesema mimi pale palipo na mimi, na mwenzake akampa haki yake. Mhojaji akimaliza kuandika, anajua kabisa huyu dada akipewa timu atafanya nini.

Swali linalowatoa wengi mbio ni la kushindwa. Tunalijibu kwa ujanja: "Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi." Bana, hiyo imezeeka. Soma kisa cha GitLab. Usiku wa Januari 31, 2017, injinia wao aliyekuwa akihangaika kurekebisha hitilafu alifuta data kwenye seva isiyofaa, ile kuu yenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta njia walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, kwa hivyo data iliyoingia katika muda huo ikapotea. Walifanya nini? Walionyesha ukarabati moja kwa moja kwenye YouTube dunia ikitazama, kisha wakachapisha ripoti ndefu isiyomtupia lawama aliyebonyeza. Hawakuishia kwa "nani?" Waliuliza kwa nini hakukuwa na mtu mwenye jukumu la kujaribu kama nakala za akiba zinafanya kazi. Kiongozi anayejua kuuliza hivyo ndiye anayetafutwa. Kwa hivyo leta kosa lako la kweli, sema lilimgharimu nani, na ueleze ulichobadilisha ili lisirudi.

Halafu kuna swali la usanifu wa mfumo, pale unapopewa ubao uchore. Hapa nyumbani tuna darasa la bure: M-Pesa. Ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Jiulize maswali ya kiongozi. Utahamishaje mfumo wa pesa ambao watu wanautumia usiku na mchana? Mama mboga akibonyeza mara mbili kwa sababu mtandao umekwama, utahakikishaje pesa inatoka mara moja tu? Kitu kikiharibika saa nane usiku, nani anapigiwa simu, na nani ana mamlaka ya kusema turudi nyuma? Data inayopita hapo ni ya nani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai nini? Injinia wa kawaida atachora masanduku na mishale. Kiongozi atachora hayo hayo, kisha aongeze: hiki tutakiacha kwanza, hiki kitachukua miezi minane, na hatari ninayokubali kuibeba ni hii.

Najua kuna wanaosema, "Wacha hizo, Kenya ni kujuana." Sikatai. Mtu wa ndani akikupendekeza, wasifu wako unasomwa badala ya kuzikwa. Lakini mahali ambapo unahojiwa raundi tano au sita, na kila mhojaji anaandika maoni yake kivyake, mjomba anaweza kukufungulia lango tu. Hawezi kuingia akujibie.

Na digrii? Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo ningefurahi sana kukuambia kwamba makaratasi hayana maana. Sitakudanganya. Kuna ofisi bado zinachuja kwa digrii kabla ya kusoma kitu kingine. Lakini matangazo mengi ya kazi hizi siku hizi husema "digrii au uzoefu unaolingana nayo", na ukishaketi mbele ya wahojaji wa ngazi hiyo, ni nadra mtu akuulize ulipata gredi gani mwaka wa pili. Wanauliza uliamua nini. Hapo mwenye cheti na asiye nacho wanaweza wote wawili kukosa la kusema. Vyeo navyo visikupumbaze. Kuwa mkuu wa teknolojia wa kampuni ya watu watatu ni jambo la kujivunia, lakini utaulizwa umeongoza wangapi.

Kampuni nazo zisijifanye malaika. Mtu ameongoza watu miaka minane, halafu mnamketisha na kumuuliza ni mipira mingapi ya gofu inaweza kujaa ndani ya basi? Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi Google, alikiri hadharani mwaka 2013 kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza wakati na hayatabiri chochote. Na jifunzeni kutofautisha unyenyekevu na kutojua. Mhojaji aliyesikia "tulifanya" mara tatu anaweza tu kuuliza, "Na sehemu yako ilikuwa ipi?" Ni sekunde tano. Asipouliza, anaajiri lafudhi na kujiamini, uwezo anauacha mlangoni.

Lakini usiwangoje wabadilike. Tafuta daftari, na usianze kuliandika usiku wa kuamkia intavyu. Andika kila Ijumaa ukiwa bado kwenye kazi yako ya sasa, bila kuweka siri za kampuni. Wiki hii niliamua nini? Nilikuwa na njia gani nyingine? Nani alipinga? Ilileta nini, kwa nambari? Mwaka ukiisha utakuwa na hadithi kama hamsini. Chagua kumi: ya mgogoro, ya kuajiri, ya kumwachilia mtu, ya kumpinga bosi, ya kushindwa, ya kumkuza mtu hadi akakupita. Kila moja ipange kwa njia rahisi: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nilifanya nini, ikatokea nini. Kisha msimulie mtu asiyejua mambo ya kompyuta. Kama mamako hataelewa kwa nini uliamua hivyo, mkurugenzi pia hataelewa. Tofauti ni kwamba mamako atakuambia.

Na uende na maswali yako. Kwa nini nafasi hii iko wazi? Aliyekuwa hapa alienda wapi? Bajeti ya kuajiri itakuwa mikononi mwangu au kwa mtu aliye London? Mwaka wa kwanza ukiisha, mtajuaje kwamba nimefaulu? Wakishindwa kujibu hilo la mwisho, kazi hiyo ni mtego, hata kama mshahara unang'aa.

Wazee waliposema kizuri chajiuza, walikuwa na soko ambapo mnunuzi anakigusa kitu, anakinusa na kukionja. Kazi ya kiongozi haionjeki. Mfumo ambao haukuanguka hauonekani. Injinia aliyetaka kuacha kazi ukaongea naye akabaki hatoi risiti. Usipoisema kazi hiyo mwenyewe hakuna atakayekusemea, na kiti kitaenda kwa aliyejua kusema.