Karatasi za Mtoto Nazo ni Upendo



Ndugu wapendwa, wageni wengi hupita Karatu wakielekea kreta ya Ngorongoro. Hutokea mmoja wao akakutana na mtoto yatima, moyo ukamwuma, akatamani kumwasili na kuondoka naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwambia: subiri. Mgeni sharti awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, amlee mtoto walau miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, ndipo Mahakama Kuu iamue.

Wengine huuita urasimu. Mimi nauita ulinzi. Mtoto wa miaka 10 si kichanga: ana jina, ana Kiiraqw chake, pengine ana mdogo wake na shangazi kijijini. Sheria hiyohiyo yampa haki ya kusikilizwa. Kila karatasi ni swali linaloulizwa kwa niaba yake.

Mtakatifu Yosefu, mlezi wa mtoto asiyemzaa, alisafiri hadi Bethlehemu kuandikishwa. Basi tusimwonyeshe mgeni njia ya mkato, wala tusitie sahihi hati tusiyoielewa. Nasi tulio ndugu wa mtoto huyo tujiulize: tumemfungulia mlango wetu?