Banda la Mapumziko Lichorwe Pamoja na Wafanyakazi



Ukutani mwa ofisi yetu hapa Nyakabiga pamebandikwa karatasi moja ambayo imeleta maneno mengi. Ni mchoro wa banda la mbao, la kukaa wageni na jamaa zao, katika uwanja wa mapumziko ambao wafanyakazi wa mtaa huu wanaudai. Wako wanaosema chama kinapoteza wakati kuchora banda hali mishahara haitoshi. Wako wengine wanaosema sawa, lijengwe, lakini kwa zege na mabati, maana mbao ni chakula cha mchwa. Msimamo wetu ni huu: banda lijengwe, liwe la mbao, na mchoro wake upite mikononi mwa watakaolijenga na watakaolikalia kabla ya mti mmoja kukatwa.

Tuanze na hao wa mishahara. Mishahara tunaidai na hatutaacha kuidai. Lakini mapumziko nayo ni dai la mfanyakazi, wala hatukulizua sisi. Mwaka 1956 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 102 juu ya huduma za wafanyakazi, likataja chakula, mapumziko na burudani, pamoja na usafiri. Sasa tazameni Nyakabiga yetu. Baba, mama na watoto wako katika chumba kimoja au viwili, uani kuna wapangaji wengine, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Mutanga nao wanatafuta vyumba hapa hapa. Jumapili mfanyakazi akitaka kukaa na wenziwe, kiti anachokipata ni cha kabare, na kiti kile hulipiwa kwa chupa. Ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura wakija mjini kwa kazi ya chama au kumwangalia mgonjwa, husimama ukutani na mizigo yao mpaka watakapopokelewa. Tena mtaa huu umeonja machungu. Desemba 2015 Nyakabiga ilipoteza watu wake, na kwa muda mrefu watu waliogopa kuonekana wamekaa nje. Mahali pa wazi pa kukaa mchana na watoto, bila kuulizana maswali, si jambo dogo kwetu.

Wengine hutuambia ufukwe wa Tanganyika upo. Upo, ila maji ya ziwa yalipanda mwaka 2020 na 2021, yakapanda tena 2024, na mabanda mengi ya ufukweni yaliingiliwa. Na huko nako, asiyenunua kinywaji hutazamwa vibaya.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika mchoro ni mahali. Sisi wa Nyakabiga hatuhitaji kufundishwa habari za mto Ntahangwa. Umekula kingo zake mpaka nyumba za watu zikabaki zinaning'inia. Bwana mmoja alituambia banda lipendeze kwa kutazama mtoni. Tulimjibu kwamba sisi tutautazama mto tukiwa mbali. Banda likae pa juu, penye udongo mgumu, na mfereji wa maji ya mvua uchimbwe kabla ya msingi.

Tunakumbuka banda la kungojea zamu katika kiwanda kimoja ambacho hatukitaji. Lilichorwa na mtu ambaye hakuuliza mfanyakazi hata mmoja. Mabati yaliwekwa chini chini, bila dari, na upande ulioachwa wazi ulielekea magharibi. Zamu ya saa nane mchana ilipofika, ndani mlikuwa kama tanuri, na wafanyakazi wote wakakaa chini ya mwembe karibu na ukuta. Nguzo zilichimbiwa udongoni. Mwaka wa tatu ungeweza kuingiza kidole ndani ya nguzo. Watu wakasema: mnaona, mbao si kitu. Mbao hazikuwa na kosa.

Bujumbura iko karibu na nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu ya vichwa, asubuhi na jioni huingia kwa ubavu, karibu mashariki na magharibi kabisa. Basi pande ndefu za banda zielekee kaskazini na kusini, na pande fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, zikiwa na ukuta mfupi au vibao vya kukinga. Upenu utoke nje mita moja na zaidi, kwa sababu mvua zetu za kuanzia Oktoba huja na upepo. Paa liinuke, na juu paachwe nafasi ya hewa moto kutoka.

Nguzo isiguse udongo. Isimame juu ya zege au jiwe lililoinuka kama sentimita 30, ishikwe kwa kiatu cha chuma na bolti. Mchwa wa ardhini akitaka kupanda itambidi ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, na mlinzi mwenye ufagio ataiona akaiondoa. Kwenye kona uwekwe mti wa mshazari kati ya nguzo na boriti, kwani umbo la pembetatu halipindi upepo ukivuma. Na tafadhali, wale wanaopaka oili chafu ya gari waache. Itachafua nguo za kanisani na za msikitini, na watoto hulamba kila kitu.

Miti ya kutumia ni mikaratusi ya mashamba ya kupandwa. Msitu wa Kibira usiguswe hata kwa fito moja. Lakini mkaratusi una tabia zake: ukikatwa leo na kupigiliwa misumari kesho, hupasuka na kujikunja. Ukatwe kiangazi, umenywe gome, upangwe kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zake zipakwe rangi zisikauke upesi, kisha ungojewe miezi kadhaa. Wazee wetu hawakuchonga ngoma kwa mti wowote waliokutana nao njiani, walitafuta umuvugangoma. Nasi tukichagua mti na kuungojea, hatuigi mambo ya kigeni.

Asiyeamini aende Muyinga. Mwaka 2012 huko ilikamilika maktaba iliyoshughulikiwa na wasanifu wa BC kutoka Brussels, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta ni za tofali za udongo uliokandamizwa, hazikuchomwa. Paa lake la vigae limebebwa na mikaratusi, na nje kuna ukumbi wenye kivuli kama wa nyumba zetu za zamani. Ndani wamefunga wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto hujilaza humo wakasoma. Wageni wale walikuwa na shule kubwa, lakini walianza kwa kuuliza: hapa watu hujenga kwa nini, na nani anajua kukifanya? Hilo ndilo tunalolitaka Nyakabiga. (Vigae nasi tungevipenda, ingawa kuvichoma kunakula kuni nyingi. Jambo hili bado tunabishana.)

Hofu ya moto tunaielewa. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na wengi wetu tuna ndugu waliopoteza kila kitu siku ile. Lakini boriti nene huungua pole pole, nje hugeuka makaa huku ndani ikibaki na nguvu, hali chuma chembamba hulegea kwa joto kali. Cha kuogopa zaidi ni nyasi juu ya paa na nyaya za umeme za kubahatisha. Payoti za nyasi ni nzuri kwa macho, hata hivyo sisi tunazikataa. Nyaya zipite ndani ya bomba, na jiko la mishikaki likae mbali.

Mchoro wa kwanza ulioletwa ulikuwa na jukwaa la wageni rasmi lililochukua karibu robo ya banda. Tuliuliza wageni rasmi hao watakuja mara ngapi kwa mwaka. Jukwaa limefutwa. Mahali pake mama mmoja mchuma chai ameomba rafu nene ya mbao, kimo cha kiuno, mtu aweze kutua mzigo wa mgongoni bila kuinama na bila kumwomba mwenziwe. Hakuna msanifu ambaye angeliwaza hilo. Wafanyakazi wa mashine, wanaosimama saa nane, wameomba benchi zenye egemeo, za sentimita 45 kwenda juu. Nazo zimechorwa.

Sasa neno juu ya wajenzi, na hapa hatutanii. Jumamosi za kazi za maendeleo zinaweza kusafisha uwanja na kuchimba mfereji. Haziwezi kuwa njia ya kupata seremala wa bure. Anayekata ulimi wa boriti ukaingia sawasawa katika tundu lake ni fundi, naye alipwe kwa mkataba ulioandikwa, aandikishwe INSS, ili akianguka kutoka juu ya kenchi watoto wake wasibaki kuomba. Bolti na viatu vya chuma vifuliwe na mafundi wa Buyenzi. Itakuwa aibu kubwa chama cha wafanyakazi kujenga mahali pa mapumziko kwa jasho lisilolipwa.

Na mlangoni pasikatwe tiketi. Kule Nairobi, Wangari Maathai na wenziwe walipigwa Januari 1999 wakiutetea Msitu wa Karura, na leo anayetaka kuingia humo hulipa. Msitu mkubwa una walinzi wa kulishwa, hatuwalaumu. Lakini uwanja wa mtaa wenye banda moja hauwezi kumtoza mtu aliyekuja kukaa kivulini. Waajiri wachangie ujenzi, chama kitenge fungu la kupaka dawa mbao na kubadilisha vigae, na mchango wa mwanachama uwe wa hiari. Asiyetaka kutoa asikatwe kwenye mshahara wake.

Choo na bomba la maji bado ni miraba miwili mitupu katika mchoro. Mafundi bomba mlio wanachama, njooni ofisini na penseli zenu jioni yoyote baada ya kazi. Kina mama wameshasema mraba wa choo uko karibu mno na benchi.