Shule Haiongozwi kwa Muhuri



Kuna dhana iliyoota mizizi katika shule zetu, nasi tumeinyamazia mno. Dhana yenyewe ni kwamba mwalimu akiisha kuteuliwa kuwa mkuu wa shule, ualimu huuvua kama koti kuukuu: chaki akaiweka chini, akashika muhuri. Tangu siku hiyo kazi yake huwa kutia sahihi, kupokea wageni na kuhesabu madawati. Sisi twasema wazi kwamba mkuu wa namna hiyo haongozi shule. Anailinda tu, mfano wa bawabu wa ghala asiyejua kilichomo ndani.

Na tulitazame somo letu wenyewe hapa Bujumbura. Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, kando ya Kirundi na Kifaransa, katika miaka ile ile ambayo Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani 2007. Wengi wetu tulishangilia. Lakini lugha haifundishwi na waraka wa wizara. Hufundishwa na mtu aliyesimama mbele ya watoto, na mtu huyo huchaguliwa na mkuu wa shule siku anapopanga ratiba. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tulishuhudia vipindi vya Kiswahili vikigawiwa yeyote aliyepungukiwa na saa za kufundisha. Tulipouliza sababu, tulijibiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni, kila mtu anakijua.

La hasha! Mtoto wa Buyenzi huja shuleni na Kiswahili cha kwao, naye husema "kitabu yangu" bila wasiwasi. Kiswahili hicho ni mali yake, wala hatumruhusu mtu kukitukana. Lakini wajibu wa shule ni kumwongezea mtoto, ajue pia kuandika "kitabu changu", ili barua yake isomwe Kigoma, Mombasa na Unguja bila kuchekwa. Mwalimu aliyetupwa darasani kujaza saa haisikii tofauti hiyo. Na mkuu asiyeingia darasani hatajua kamwe kwamba haikusikiwa. Mwisho wa mwaka ataziona alama duni katika karatasi, kisha atawalaumu watoto.

Tutaambiwa kwamba mkuu ana shughuli nyingi. Ni kweli. Shule zetu nyingi zina watoto wengi kuliko vyumba, hata hulazimu wengine wasome asubuhi na wengine alasiri. Wazazi wangoja mlangoni, mkaguzi ataka taarifa. Hatuyakani hayo. Twauliza tu: katika juma zima, je, hakipatikani hata kipindi kimoja?

Huko Kikuyu, nchini Kenya, Mwingereza Carey Francis alikuwa mkuu wa shule ya Alliance tangu 1940 hadi 1962. Hatumsifu kwa kila jambo, maana alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na shule yake ilikikweza Kiingereza juu ya lugha zetu. Lakini alikuwa mwalimu wa hisabati, na alipostaafu ukuu hakwenda kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa Nairobi ambao, kama Buyenzi yetu, una historia ndefu ya Waswahili; akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 1966. Ukuu ulikwisha, ualimu haukwisha. Basi kipi kilikuwa kikubwa zaidi kwake?

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, huko Bururi, ambayo gombera wake alikuwa Padre Zacharie Bukuru. Waliwaamuru wanafunzi watengane, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Tunaandika haya kwa unyenyekevu, kwani wale si mfano wa kuchezea katika mabishano ya walimu. Ila tunajua jambo moja: somo la namna ile halifundishwi kwa tangazo lililobandikwa ukutani na kupigwa muhuri. Hukua polepole, pale wakubwa wanapoishi karibu na wadogo na kusema nao.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, kila mkuu wa shule afundishe walau kipindi kimoja kwa juma, katika somo alilosomea. Pili, aketi nyuma ya darasa la kila mwalimu wake, asikilize kama mwanafunzi, na baadaye wazungumze kama wenzi wa kazi, si kama hakimu na mshtakiwa. Tatu, Kiswahili kipewe aliyejifunza kukifundisha. Na kama hayupo, mkuu aombe apelekwe mtu mafunzoni, asizibe pengo kwa yeyote aliye karibu.

Mwenye hoja ya kutupinga na ashike kalamu, tutamsoma kwa heshima. Lakini akiwa ni mkuu wa shule, twamwomba kwanza atueleze: mara ya mwisho kushika chaki ilikuwa lini?